Mtani Aliyeomba Safari Yangu

Kwa siku nyingi sikulala vizuri kwa sababu ya neno moja nililolisema mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu, huku nikicheka. Neno lenyewe ni "chukua". Nilijigeuza kitandani nikilitazama upande huu na upande ule. Mtu akikuomba kwa utani, nawe ukampa kwa utani, umempa au hujampa? Kama hujampa, mbona amechukua? Na kama amechukua mbele ya watu waliokusikia ukisema chukua, utamlalamikia nani?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Mkolani, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Miaka michache nyuma, mtu mwenye digrii alipangiwa kazi na serikali kabla hajafua hata nguo alizorudi nazo. Sisi tuliambiwa ajira zimesimamishwa, tukajitafutie. Baba alikuwa karani wa ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia vijijini na mizani yao, ushirika ukapunguza watu, naye akapunguzwa. Kila asubuhi mimi na yeye tulikunywa chai barazani, wasomi wawili wasio na pa kwenda, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu. Mama ndiye aliyetulisha, kwa dagaa aliowakaanga na kuwauza sokoni.

Mji ulikuwa umechangamka. Maduka ya Wahindi yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa shule ya msingi sasa yalijaa televisheni na vitambaa. Viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa ufukweni, na samaki wetu walipanda ndege kwenda Ulaya, ilhali mimi sikuwahi kupanda hata treni daraja la pili. Watu walisema sasa kila kitu ruksa. Nilikaa nikijiuliza ruksa hiyo inaanzia wapi kwa mtu asiye na mtaji wala mjomba mkubwa.

Safari yangu ilianzia kwenye jicho la mama. Alifanyiwa upasuaji ng'ambo ya ghuba, Sengerema, nami nikaenda kumwuguza. Karibu na hospitali alikaa mtawa mzee wa Kijerumani, muuguzi mstaafu, aliyezoea kupita wodini akiwasalimu wagonjwa kwa Kisukuma kirefu, salamu zinazouliza habari za ng'ombe hadi za mvua. Kiswahili nacho alikuwa amejifunzia kwetu, kwa hiyo alisema "karamu" akitaka kalamu, na hakuna aliyemrekebisha. Nilimwambia ninatamani kwenda Ulaya. Nilidhani atacheka.

"Wote mnatamani," akasema. "Ila mnataka kwenda mkiwa mabubu. Ukifika kwetu bila lugha, unakuwa mtoto mdogo. Hata mkate utaombewa na mtu mwingine. Njoo Jumamosi."

Nikaenda Jumamosi hiyo na zilizofuata. Niliondoka Mkolani alfajiri, nikafika njia panda ya Usagara, nikapata lifti ya lori hadi kivukoni, nikavuka. Darasa lilikuwa baraza ya Sista. Sharti lake lilikuwa kwamba kahawa ikishamiminwa, Kiswahili kinakoma mpaka vikombe vioshwe. Ukitaka sukari, itaje kwa Kijerumani. Usipoijua, kunywa chungu. Nilikunywa chungu muda mrefu, maana nilikuwa mtu wa kuipima sentensi mara nyingi kichwani kabla ya kuitoa, na nikiwa tayari kahawa imeshapoa. Lakini nilisonga mbele. Usiku nilianza kuota ndoto zenye maneno yale, nikaona safari inawezekana.

Msichana mwenzangu wa darasa hilo nilimpeleka mwenyewe. Tulisoma sekondari pamoja. Alikuwa Mgogo, baba yake fundi wa reli aliyehamishiwa Mwanza kutoka Dodoma, na familia yao ilikaa kwenye kota za reli. Sisi Wasukuma na Wagogo ni watani, na yeye utani aliuchukulia kama kazi ya kuajiriwa. Akifika kwetu hasemi hodi, anasema, "Wala michembe mpo?" akitudhihaki kwa viazi vyetu vya kukausha. Mama anajibu kutoka jikoni, "Ombaomba amefika, ficheni sufuria!" Kisha anapewa chakula kabla yangu. Hakubahatika kwenda chuo kikuu. Alisomea kupiga chapa, kazi hakupata, akawa anauza mitumba ya watoto pale mjini. Nilipomwambia habari za Sista alisema, "Mtani, usiniache peke yangu na vigauni hivi." Nikamchukua. Kijerumani chake hakikuwa na ukomavu wowote, ila hakuwa na woga. Alikosea kwa sauti kubwa, akapata sukari tangu siku ya kwanza.

Mwaka uliofuata Sista akatuambia jambo. Parokia ya kwao, ile iliyokuwa ikituma dawa na mashuka hospitalini, ilitaka msichana mmoja akakae nao mwaka mzima, afanye kazi katika shule ya watoto wadogo, na akionekana anafaa, wamsaidie kuingia chuo. Nauli juu yao. Mmoja tu.

"Mimi sichagui," Sista akasema. "Nikichagua, nitawagombanisha. Ongeeni, mje na jina moja."

Tuliongea siku hiyohiyo kwenye kivuko, tumeegemea vyuma, magunia ya muhogo miguuni. Nilikuwa nimeandaa hoja za pande zote mbili, zake na zangu, ili nisionekane mbinafsi. Hakunipa nafasi ya kuzitoa.

"Wewe ndiye uliyenileta," alisema. "Kijerumani chako ni cha kitabu. Nenda. Mimi mwakani, na unisubiri uwanja wa ndege na koti."

"Kweli?"

"Msukuma, ukiendelea kuuliza nitabadilisha mawazo."

Jumamosi iliyofuata tukampelekea Sista jina langu. Akasema vizuri, atalituma mwisho wa mwezi. Nyumbani baba aliposikia alienda kumnunulia mama soda. Sikumbuki kama aliwahi kufanya hivyo kabla.

Siku chache baadaye ikawa sikukuu ya parokia, na Sista akatualika chakula nyumbani kwake pamoja na katekista na akina mama wa kwaya. Tulikuwa tumekula pilau, watu wameshiba, wanataka kuchekeshwa. Ndipo mtani wangu akaweka sahani chini, akapiga magoti mbele yangu katikati ya uwanja, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mtani, naomba! Watoto wa Kigogo tumekufa na njaa! Umeshiba ng'ombe, umeshiba digrii, sasa unataka kushiba na Ulaya? Naomba safari yako, mtani!"

Watu wakaangua kicheko. Katika mchezo huo kila mtu ana sehemu yake. Anayeombwa akikataa, ameonekana mchoyo na mchezo umekufa. Nikasimama, nikajitanua kama mzee mwenye zizi kubwa.

"Chukua! Chukua na safari, chukua na ng'ombe, ilimradi utoke hapa kabla hujaomba na nguo nilizovaa!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Sista alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mtani wangu aliusujudia mkono wangu, akaondoka akiswaga ng'ombe wasiokuwapo. Mimi ninayewaza kila kitu sikuliwazia hilo hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kwamba kwa mara moja nilijibu haraka.

Kisha bibi, mama yake baba, akafariki. Tukaenda kijijini, na Jumamosi mbili zikapita sikuvuka. Mtani wangu alikuja msibani. Nataka niseme hapa kwamba hakuna mtu aliyetufaa kama yeye. Alikaa juu ya jembe akasema kaburi halichimbwi mpaka Mgogo ale nyama. Alivaa gauni la bibi, akashika mkongojo wake, akatembea uani akifoka kwamba wajukuu wamemaliza maziwa. Ilikuwa sauti ya bibi kabisa. Baba, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu taarifa ifike, alicheka huku machozi yanamtoka, akampa elfu moja ili alirudishe gauni. Usiku nililala naye mkeka mmoja. Nilimwambia kwamba sasa, bibi akiwa hayupo, naogopa kwenda mbali. Akaniambia, "Lala, mtani. Mambo yatajipanga."

Niliporudi kwa Sista, alinishika mikono yote miwili.

"Pole kwa bibi," alisema. "Na hongera kwa kazi."

"Kazi gani, Sista?"

"Ya Dar es Salaam. Mwenzako alinieleza. Usione haya, mwanangu, kazi ni jambo jema."

Nikasimama nikimtazama. Nilifikiri labda Sista amezeeka. Kisha nikafikiri labda nimepata kazi kweli na barua haijanifikia. Akili yangu ilijaribu kila mlango kabla ya kuufungua ule uliokuwa wazi. Nikamwambia sina kazi yoyote, Dar wala Mwanza.

Sista akakaa. Akanieleza polepole. Jumamosi ya kwanza niliyokosa, mtani wangu alikuja peke yake. Alisema nimeitwa kazini, lakini nimeona aibu kuikataa safari baada ya kuiomba, ndiyo maana nikasubiri hadhara ya watu nikaitoa kwa utani. Sista aliamini. Akabadili jina, akatuma.

"Nimekaa na ninyi tangu nikiwa kijana," alisema. "Nimewaona mnavyofanya. Jambo zito hamlisemi, mnalipitisha kwa mtani. Mtu akitaka kumwambia mkwe wake amechoka naye, anamtuma mtani. Mimi nikasema, nimeona, naye amefanya hivyo. Nilijisifu kwamba nimeelewa."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alichosema kilikuwa kweli. Hata mimi, kama ningekuwa mtazamaji siku ile, ningeweza kufikiri hivyohivyo.

"Pasipoti bado haijaombwa," alisema. "Naweza kuandika tena. Lakini siandiki kwa kusikia upande mmoja, nimekwishakosea hivyo. Njooni wote wawili Jumamosi ijayo. Uniambie mbele yake."

Njia nzima ya kurudi nilihesabu. Si fedha; nilihesabu siku. Jumamosi ile aliyokwenda kwa Sista ilikuwa kabla ya maziko. Maana yake alipovaa gauni la bibi, jina langu lilikuwa limeshafutwa. Alipolala ubavuni mwangu akaniambia mambo yatajipanga, yeye alikuwa ameshayapanga.

Baba aliposikia alikuna kichwa. Nilimwona anatafuta namna ya kunituliza bila kuondoka kwenye mila.

"Mayu," alisema, ndivyo alivyoniita akiwa na huruma, "ulisema chukua?"

"Kwa utani, baba."

"Ndiyo. Na yeye amechukua kwa utani. Mtani akichukua kuku wako utamfuatilia? Utaenda kwa nani, kwa mwenyekiti wa mtaa? Watu watacheka mpaka wagaragare. Msukuma kamshitaki Mgogo!"

"Si kuku, baba. Ni maisha yangu."

"Alimzika mama yangu," akasema kwa sauti ya chini, akaingia ndani.

Mama alikuwa akipepeta dagaa. Hakuinua uso. "Huyo aliyemzika mama mkwe wangu," alisema, "alikula kwangu miaka yote bila kuombwa hata kuosha sahani. Nenda kamwulize. Usikae hapa ukijiuliza mwenyewe, utajijibu vibaya."

Nikaenda kwenye kota za reli. Alikuwa nje ameketi juu ya ndoo, anakunja vigauni. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu ya kwanza njia nzima. Aliponiona tu, akapiga makofi.

"Jamani, mwenye ng'ombe amekuja! Mtani, ng'ombe wangu wako wapi? Safari nimepata, ng'ombe sijaona!"

Majirani waliokuwa bombani wakacheka. Nikamwuliza kwa nini alimdanganya Sista.

"Nimdanganye mimi? Si ulisema mwenyewe chukua? Wagogo tunaomba, hatuibi. Mashahidi ninao, mpaka katekista!"

"Ulisema nina kazi Dar."

"Digrii hiyo itakosa kazi? Nimekutabiria mema, badala ya kunishukuru unaninunia! Mwoneni Msukuma alivyovimba, utadhani kameza sangara mzima."

Wakacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Uso ulizoea. Kila swali nililomrushia alilidaka akalirudisha likiwa kichekesho, na kila kicheko cha majirani kiliniongezea upumbavu. Nilimwambia Sista anatuita wote. Akasema atakuja, Mgogo hakosi penye chakula. Nilirudi nyumbani nikiwa sina hata sentensi moja ya kweli kutoka kwake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko safari. Miaka yote tuliyofahamiana nilikuwa naamini kwamba chini ya mizaha kuna mtu anayenipenda. Sasa niliogopa kwamba chini ya mizaha kulikuwa na mtu ambaye sikuwahi kukutana naye.

Jumamosi tulivuka pamoja. Asubuhi ilikuwa na upepo, kivuko kimejaa baiskeli na matenga ya nyanya. Alisimama pale tuliposimama siku ya makubaliano, akaanza: "Mtani, leo umevaa viatu vya kesi." Na sikuwa nimepanga, sijui ilitoka wapi, nikamwuliza kwa Kijerumani kwa nini alisema uongo.

Akaachia vyuma, akanigeukia.

Sisi hatukujua kutania kwa Kijerumani. Sista hakuwahi kutufundisha. Tulikuwa na maneno ya mkate, sukari, mvua, nyumba, nataka, sitaki. Nilimwona anatafuta mahali pa kujificha, na katika maneno machache tuliyokuwa nayo hapakuwa na mahali. Angeweza kurudi kwenye Kiswahili. Sijui kwa nini hakurudi. Labda naye alikuwa amechoka.

"Baba hana kazi," alisema, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Reli imemwondoa. Mwezi ujao nyumba si yetu. Wewe una nyumba. Una shule kubwa. Mimi nina vigauni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefikiri. Wewe unafikiri sana. Mimi sina muda."

Nikamwuliza kuhusu msiba. Sikujua neno la msiba, nikasema bibi. Nikasema, ulijua, na ulicheza.

"Nilimpenda bibi," alisema. "Na nilisema uongo. Yote mawili."

Basi, ikawa hiyo. Sentensi ya kweli niliyoitafuta, nikaipata kwa lugha ya watu wengine. Nilitegemea nikishaipata nitapata nafuu. Sikupata. Niliona kwamba alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa nzito, na angeniambia siku ileile tuliyoegemea vyuma hivi huenda ningempa safari mwenyewe. Nilikuwa mtu wa kutoa kitu akiombwa vizuri. Yeye alinijua kuliko yeyote, alilijua hilo, na bado alichagua kunichukulia huku watu wanacheka, kwa namna ambayo nikilia nitaonekana sijui kucheza.

"Utamwambia nini Sista?" aliuliza, bado kwa Kijerumani. Kivuko kilikuwa kinagusa ng'ambo. Nikatangulia kushuka.

Barazani kwa Sista kahawa ilikuwa tayari. Katekista naye alikuwapo, Sista alikuwa amemwita. Kabla hatujakaa, mtani wangu akapiga magoti pale mlangoni, mikono mbele, na Kiswahili chake kikamrudia chote.

"Sista, nimekuja na mwenye ng'ombe! Anataka kuninyang'anya alichonipa. Mwoneeni huruma Mgogo!"

Katekista akaanza kutabasamu. Nikausikia uso wangu nao unataka kufanya kazi yake ya siku zote, na nyuma yake hoja zikajipanga: baba amecheka msibani kwa ajili yake, kota inachukuliwa, vigauni, watu watasema nini Mkolani, Msukuma gani huyu. Zote zilikuwa hoja za haki. Niliziacha zimesimama pale.

"Sikumpa," nikasema. "Ulikuwa utani, na yeye alijua ni utani. Sina kazi Dar. Safari ni yangu na ninaitaka."

Tabasamu la katekista likaisha. Sista akamgeukia mwenzangu, akamwuliza kama ni kweli. Alibaki amepiga magoti, anatazama sakafu. Kisha akaitika kwa kichwa.

Akasimama, akajipangusa magoti, akanitazama kama anasubiri nimwite mtani, hata kwa tusi, ili tuwe tumeachana vizuri. Nikamwambia, "Safari njema, dada." Hakuwahi kuitwa hivyo na mimi. Akashuka ngazi, akashika njia ya kivukoni peke yake.

Nikatoa kwenye mkoba picha zangu za pasipoti, nikaziweka mezani mbele ya Sista. Akavuta mashine ya chapa, akaingiza karatasi, nikaanza kumtajia jina langu, herufi moja moja.